Jamvi la Randa

Sebuleni kwa Baba Randa kulikuwa na mashine ya kuranda mbao. Haikuwa mashine ndogo. Ilikuwa ya chuma, ndefu kama kitanda cha mtu mmoja, na kuinyanyua kulihitaji wanaume wanne wenye nguvu. Ilisimama kati ya kochi na dirisha. Mgeni akija, alipita kwa ubavu. Wenye vitambi walikaribishwa hapohapo mlangoni.

Mama Randa alikuwa ameitandikia kitambaa. Juu ya kitambaa aliweka redio na maua ya plastiki. Kila Jumamosi aliondoa maua, akaondoa redio, akakunja kitambaa, akaipaka mashine mafuta kwa tambara. Aliipaka taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha.

"Hiyo mashine itakushukuru lini?" mumewe alimtania.

"Mwenyewe akirudi aikute haina kutu. Basi."

Mwenyewe alikuwa binti yao. Mtaa mzima ulimwita Randa, kwa sababu tangu utotoni alishinda akichezea maranda ya mbao. Alipokua akawa seremala, tena seremala mzuri. Kazi aliifanyia uani, chini ya turubai. Jua likiwaka, mambo yalikwenda. Mvua ikinyesha, ardhi ikawa tope. Mbao zililowa zikapinda. Mguu mmoja wa mashine ukazama, mashine ikawa inatikisika, na mbao zikatoka na mawimbi. Wateja wakaanza kununa, kisha wakaacha kuja.

Ndipo Randa alipotafuta watu wakaiingiza mashine sebuleni. Akafunga vifaa vyake kwenye begi. Akaenda mji wa mbali kufanya kazi katika karakana ya mtu.

"Pakipatikana pahali pa kuifunga mashine, nitarudi," alisema.

Nyumba ikawa kimya. Baba Randa alikuwa dereva wa lori mpaka magoti yalipogoma. Zamani alilalamika kuhusu kelele za ile mashine: "Mwanangu, masikio yangu ni mawili tu!" Sasa akisikia mtu anakata mbao mtaa wa pili, alisimama akasikiliza. Na Mama Randa bado alipika chakula cha watu watatu.

Jioni moja Randa alipiga simu.

"Baba, tajiri wangu anafungua karakana nyingine, mbali zaidi ya hapa. Anataka nikaisimamie. Nimjibu kabla ya mwezi kwisha."

"Wewe unataka nini?"

"Nataka nyumbani. Lakini nikifika nitarandia wapi? Kwenye kochi?"

"Tutakujengea banda."

"Baba, sitaki unipe moyo tu. Kama hamwezi, niambie. Nisikae nikingoja kitu ambacho hakipo."

"Banda, nimesema. Sakafu ya zege. Mashine haitazama tena."

Alipokata simu, Mama Randa alikuwa amesimama nyuma yake na mwiko mkononi.

"Umewahi kumwaga zege, wewe?"

"Nimebeba saruji kwenye lori miaka yote. Nitashindwa na sakafu?"

Alimwita shemeji yake, mdogo wa Mama Randa. Huyu watu walimwita Najua. Ukimwambia lolote, alijibu, "Najua." Ukimwambia shati lake liko nje ndani, alijibu, "Najua."

Wakaanza kazi siku yenye jua kali.

"Hatuondoi nyasi kwanza?" Mama Randa aliuliza.

"Zitakufa zenyewe," alisema Najua. "Zikikosa hewa, zimekwisha. Hilo najua."

Walipanga matofali pembeni, wakachanganya saruji na mchanga na kokoto. Hawakupima, walitazama kwa macho. Zege lilikuwa zito, beleshi halikwenda.

"Ongeza maji, shemeji."

Baba Randa aliongeza. Likawa jepesi. Wakaongeza tena. Likawa kama uji, likatiririka lenyewe mpaka pembeni. Najua alivua viatu, akaingia ndani yake miguu mitupu, akilisukuma kwa miguu na kuimba.

Mchana wingu dogo likapita, matone yakaanza. Baba Randa alikimbia na turubai kama nyumba inaungua.

"Lisilowe! Lisilowe! Liacheni likauke!"

Wingu lilipopita alilifunua, akalianika tena juani. Kesho yake lilikuwa jeupe na gumu juu. Alipiga simu palepale.

"Tumemwaga! Linakauka vizuri kabisa."

Randa alicheka. Kicheko kirefu, kile cha zamani. Mama Randa alimpokonya mumewe simu, akaiweka sikioni. Alitaka kusikia tu.

Wiki haikwisha. Ufa ulianza upande wa mlango, mwembamba kama uzi. Kesho yake ukaingia ncha ya kisu. Ukienda na ufagio, vumbi la saruji lilitoka kila ukifagia, haliishi. Halafu asubuhi moja Baba Randa alikanyaga pembe ya nyuma. Pembe ikakatika chini yake, ikazama. Kwenye shimo alionekana mchwa, na nyasi zilizooza.

Miguu ya Najua nayo ilikuwa na vidonda. Alitembea kama anayekanyaga makaa.

Baba Randa aligeuza ndoo, akaikalia. Alikaa hapo muda mrefu.

"Tumwambie nini?" Mama Randa aliuliza.

"Sijui."

"Alicheka, Baba Randa. Ulimsikia alivyocheka."

"Nilimsikia."

Akachukua nyundo kubwa, akaanza kuvunja. Alivunja kwa hasira, huku magoti yakilia. Kelele ziliruka ukuta zikafika kwa jirani.

Jirani huyo aliitwa Mama Zege. Alikuwa mkandarasi. Alikuwa na kikosi cha vibarua, viatu vya mpira mpaka magotini, na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Hakuwa mtu wa kujishusha. Alichungulia juu ya ukuta.

"Baba Randa! Unatafuta nini huko chini, mafuta?"

"Niache, mama. Sina hali ya utani."

Mama Zege akazunguka, akaingia uani bila kubisha. Akaokota kipande cha zege, akakiminya. Kikamomonyoka vidoleni.

"Hii ni biskuti. Nani fundi wako?"

Najua akatazama angani.

"Nimebeba saruji maisha yangu yote," Baba Randa alisema.

"Umeibeba, ndiyo. Hukuifungua."

Mama Randa alicheka bila kutaka, kisha macho yakamjaa machozi. Akaeleza yote: Randa, tajiri, karakana ya mbali, mwezi unaokwenda.

Mama Zege akaacha utani. "Mlipomwaga, mlifanya nini baadaye?"

"Tuliliacha likauke," alisema Baba Randa. "Nililikinga hata na mvua."

"Hapo! Hapo ndipo mnapoumia nyote. Neno hilo ndilo linalowaponza. Kukauka, kukauka! Shati hukauka. Samaki hukauka. Zege halikauki, Baba Randa. Zege linakomaa."

"Tofauti iko wapi?"

"Shati likikauka, maji yametoka. Zege linahitaji maji yabaki ndani. Saruji inayanywa, inashikana na mchanga na kokoto, inageuka jiwe. Kazi hiyo haiishi siku moja. Jua likiyanyonya maji kabla, saruji inabaki na kiu. Inakuwa unga uliogandamana. Mvua ile ndogo uliyoifukuza? Zege lilishakuwa gumu?"

"Lilikuwa bichi. Tulikuwa ndiyo tumemaliza."

"Basi hapo ulifanya sawa kulifunika. Mvua ikipiga zege bichi inalichimba. Ila ungeliacha limefunikwa! Wewe ukalifunua ukalianika kama nguo."

"Najua," alisema Najua kwa sauti ndogo.

"Ungejua ungevaa viatu. Lete huo mguu." Akautazama. "Saruji mbichi inachoma ngozi. Haichomi papo hapo, ndiyo maana watu wanaidharau. Nenda zahanati leo. Na kuanzia sasa, viatu vya mpira na glavu. Ikikurukia, osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi muda mrefu, kisha ukaonwe na daktari."

"Ndiyo, dada."

Mama Zege aligeuka. "Baba Randa, nitawaonyesha. Jamvi litamwagwa upya."

"Jamvi?" Mama Randa aliuliza. "La kukalia?"

"Sisi mafundi sakafu ya zege inayokaa juu ya ardhi tunaiita jamvi."

"Na jamvi linamwagwa?"

"Hili linamwagwa. Na ukilimwaga vizuri, hulikunji tena."

Jioni ile Baba Randa alipiga simu. Alisimama uani, mbele ya vifusi.

"Mwanangu, lile la kwanza limeharibika. Kosa langu. Tunaanza upya."

Kwa mbali, ndani ya simu, ilisikika mashine ya karakana ikinguruma.

"Baba, nimjibu nini huyu tajiri?"

Baba Randa alitamani kusema, Njoo. Neno lilikuwa mdomoni. Akalimeza.

"Usimjibu bado. Nitakuambia likikomaa."

"Likikauka, unamaanisha."

"Likikomaa."

Safari hii walianza na ardhi. Walikwangua udongo wote mweusi wenye nyasi na mizizi, mpaka wakafika kwenye udongo mgumu.

"Chochote kinachooza kinaacha uwazi," alisema Mama Zege. "Na zege juu ya uwazi linavunjika."

Najua, bandeji miguuni na viatu vya mpira juu yake, alishindilia udongo kwa gogo zito. Alikuwa akisema "tayari" na Mama Zege akikita kisigino chake chini. Kisigino kikiacha alama, "Bado!"

Kisha Mama Zege akaviangalia vipande vya zege lililovunjika.

"Vunjeni vidogo zaidi. Hivi vinaingia chini pamoja na mawe."

"Hii biskuti?" Baba Randa alishangaa.

"Chagua vile vigumu, vinavyolia ukivigonga. Vya unga tupa. Huko chini vitakufaa kuliko vilivyokufaa juu."

Wakavitandaza pamoja na mawe na changarawe, wakashindilia tena. Pembeni walisimamisha mbao, wakaziegemeza kwa vigingi imara. Mama Zege akachukua kamba, akapima toka pembe hadi pembe ya mkabala, halafu pembe zile nyingine mbili.

"Kamba ikitosha sawa kote kuwili, na pande zinazotazamana ziko sawa, banda lako limenyooka. Ikizidi huku, limelala kama kofia ya mlevi."

Ilizidi. Wakasogeza mbao. Ikazidi upande mwingine. Baba Randa akaguna, wakasogeza tena mpaka ikatosha. Juu ya mbao Mama Zege aliweka pima maji, kile kipande cha chuma chenye kiputo cha hewa ndani ya kioo. Kiputo kikikaa katikati, hapo pako sawa. Mbao zilipanda juu kuliko ardhi ya uani, ili maji ya mvua yasiingie bandani.

Walitandika nailoni nzito juu ya mawe ili unyevu wa ardhi usipande. Juu yake wakaweka wavu wa nondo. Najua aliulaza chini kabisa.

"Unaulaza usingizi?" Mama Zege alisema. "Uinue kwa vijiwe. Wavu ukiwa chini kabisa haushiki kitu. Tunautaka ndani ya zege. Na zege lenyewe liwe nene kama upana wa kiganja, na dole gumba juu yake. Mashine ile si kabati."

Siku ya kumwaga waliamka mapema, kabla jua halijawa kali. Majirani wawili walikuja kusaidia, kwa sababu jamvi humwagwa mara moja mpaka mwisho. Ukimwaga nusu leo na nusu kesho, hapo katikati ndipo patakapofunguka.

Mama Zege alishika ndoo. "Hakuna kutazama kwa macho. Saruji ndoo moja. Mchanga ndoo mbili. Kokoto ndoo tatu. Ndoo ileile, ijae vilevile."

Mchanga aliusugua kiganjani kwanza. Ukiacha uchafu mwingi mkononi, una udongo, haufai. Walichanganya vikavu mpaka vikawa rangi moja. Ndipo maji yakaingia: nusu ndoo kwa kila ndoo ya saruji, kisha kidogo kidogo kwa kopo.

Zege lilikuwa zito. Mgongo wa Baba Randa ulianza kulalamika. Mkono wake wenyewe ukashika kopo la maji.

"Baba Randa."

"Kidogo tu, mama. Linashika beleshi."

"Lichote kidogo kwa mkono wenye glavu. Liminye. Fungua mkono."

Alifungua. Zege lilibaki donge, likang'aa kidogo, halikutiririka.

"Hilo ndilo. Kila kopo unaloongeza ili kuupumzisha mgongo wako, unaliondoa kwenye miguu ya mashine."

Baba Randa alilirudisha kopo chini. Akashika beleshi.

Walimwaga kuanzia pembe ya mbali wakirudi mlangoni. Walilichomachoma kwa fimbo ya chuma ili hewa itoke, hasa pembeni. Watu wawili wakashika ubao ulionyooka, wakauvuta juu ya zege huku na huku, kama wanaokata kwa msumeno. Maji membamba yalipanda juu. Najua alitaka kunyunyiza saruji kavu ili yaishe.

"Acha! Yangoje yapotee yenyewe, ndipo ulainishe. Ukiharakisha, utafagia vumbi mpaka uzeeke."

Najua alifungua mdomo. Akaufunga. "Hilo sikulijua," alisema. Majirani wakampigia makofi.

Zege lilipoanza kuwa gumu kiasi cha kidole kutoacha alama, walilifunika kwa magunia yaliyolowa na nailoni juu yake. Mama Zege akakung'uta mikono.

"Sasa kazi imeanza."

"Si imekwisha?" aliuliza Mama Randa.

"Yangu. Yako ndiyo inaanza. Wiki nzima, magunia yasikauke. Asubuhi, jioni, na mchana jua likiwa kali. Ukisahau siku moja, jua halitasahau."

Mama Randa hakusahau. Alidamka alfajiri na ndoo. Alifunua nailoni, akamwaga maji kwa kopo, polepole, pembe hadi pembe. Akafunika tena. Mumewe alimtazama kutoka mlangoni. Aliifahamu mikono ile. Ndiyo iliyopaka mashine mafuta kila Jumamosi.

"Unaongea na nani?" alimuuliza siku moja.

"Na jamvi."

"Unaliambia nini?"

"Likomae. Kuna mtu anangoja."

Siku zilivuta miguu. Simu ililia mara nyingi, wakaikimbilia, akawa mtu mwingine. Mara moja akawa Randa.

"Bado?" aliuliza.

"Bado," alisema baba yake. Hakuongeza chumvi.

Wiki ilipokwisha walifunua magunia. Jamvi lilikuwa la kijivu kizito, limetulia. Baba Randa alipita juu yake akiwa ameinama, akatafuta ufa kama mtu aliyeangusha sindano. Hakuona. Alipitisha kiganja, hakikutoka na vumbi. Akachukua nyundo ndogo, akagonga. La kwanza lilikuwa likijibu kama boga. Hili lililia, kavu na kali, ngii.

Mama Zege alikuwa ukutani, anachungulia. "Bado linaendelea kukomaa," alisema. "Banda mnaweza kuanza kulijenga. Lakini mashine isikae juu yake mpaka ukaribie kutimia mwezi tangu tulipolimwaga."

Baba Randa alikuwa ameshatoa simu mfukoni.

"Randa. Mjibu tajiri wako."

"Nimwambie nini, Baba?"

"Mwambie ahsante."

Randa alifika banda likiwa limekamilika, mabati juu, dirisha kubwa upande wa mwanga. Alikuwa amekonda, na begi lilelile begani. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, hakuuachia mpaka Najua alipolalamika kwamba mashine ni nzito na wao wameshainyanyua.

Wanaume waliitoa kwa ubavu, wakitweta na kutukanana kwa upendo. Sebule ikabaki wazi. Sakafuni palikuwa na alama nne za miguu ya mashine. Mama Randa alizitazama kidogo, redio mkononi, akakosa pa kuiweka. Akacheka.

Bandani Randa aliweka pima maji juu ya mashine. Kiputo kikaenda katikati kikakaa. Akafunga boliti, akaingiza ubao, akawasha. Kelele zikajaa uani. Ubao ukatoka laini, hauna wimbi hata moja. Baba Randa alisimama nje, macho ameyafumba, masikio yake mawili yote yamefunguka.

Randa alizima mashine, akatoka nje kumtafuta. Walipotaka kurudi ndani, mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Kwenye sinia mkononi mwake sahani zilikuwa tatu, na chakula kilikuwa kinatosha.

"Karibu jamvini, mwanangu," alisema.

Randa alilitazama lile zege. Akainama, akavua viatu.